Benki zimefungwa, kazi hakuna, halafu mbuzi anazaa: tuongee kuhusu watoto wa mifugo

Mama_Ndosho (Goma), Jumapili 20:47

Salamu wote. Niko Goma, Ndosho, upande ule mawe ya lava yanaposhinda udongo. Naleta mada ambayo mume wangu amesema watu watanicheka. Wacheke tu. Humu kila siku ni bei ya dola, nani kapita barabara ya Sake, nani kasikia milio upande gani. Na mimi leo nina habari: jana usiku mbuzi wetu mwekundu amezaa mapacha.

Mnaojua hali ya hapa sina haja ya kuwaeleza. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga, uwanja wa ndege ukafungwa, na ofisi ya wageni niliyokuwa nawapikia ikafunga virago. Mume wangu ni fundi wa ujenzi, na nani anajenga saa hizi? Tulibaki na mbuzi jike wawili ambao marehemu mama mkwe alituachia. Mimi mbuzi hao nilikuwa nawahesabu pamoja na kelele za nyuma ya nyumba, basi.

Sasa nisikilizeni. Ukiniuliza benki zitafunguliwa lini, sijui. Kazi itarudi lini, sijui. Mikutano ya amani, mara Doha, mara Washington, wanasaini, wanapigwa picha, na sisi tunabaki tunaulizana. Lakini ukiniuliza mbuzi atazaa lini, nakujibu. Unachukua siku aliyopandwa, unaongeza miezi mitano, siku 150 hivi, unapata wiki yake. Na wiki hiyohiyo kiwele kikajaa, pale pembeni ya mkia pakalegea, akaanza kuchimba chini kwa kwato na kutukazia macho kila tukipita. Katika yote tuliyoyasubiri tangu mambo yaharibike, hilo ndilo lililokuja kwa wakati wake.

Nilishika tochi ya simu. Wa kwanza alitanguliza miguu ya mbele, pua imelala juu yake, amejaa ute wa njano, masikio yamegandamana na shingo. Mama mtu akaanza kumlamba na kumsemesha kwa sauti ya chini ambayo hatujawahi kuisikia kwake. Nikatazama kwato. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mbuzi mchanga huzaliwa na ncha laini kwenye kwato, nyeupenyeupe, ukiminya zinabonyea, ili asimchane mama yake tumboni. Mpaka leo mchana, kwa kutembeatembea juu ya mawe yetu haya, zimekwisha zote, kwato ngumu imebaki.

Nilikaa pale mpaka jogoo wa jirani akawika. Ada ya shule haikunijia kichwani hata mara moja.

Swali langu: ni mimi tu, au na nyie mna kitu kama hiki? Kuku, sungura, nguruwe, chochote kichanga. Tuelezane.

Motari_Birere (Goma), 21:02

Mama Ndosho hongera kwa wajukuu. Mimi nipo hapa nasubiri abiria, franga hazionekani, nimesoma mpaka mwisho nikitafuta bei. Kati ya hao mapacha kuna dume? Nauliza kwa ajili ya Bonane tu, sikukuu ya Mwaka Mpya 😂

Mama_Ndosho, 21:05

Wewe pita mbali na parsele yangu.

Yaya_Katindo (Goma), 21:40

Mama Ndosho hauko peke yako. Wacha niwarudishe 2021.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei, lava ikasimama pembezoni mwa mji, tukadhani yamekwisha. Kumbe matetemeko ndiyo kwanza yanaanza. Kuta zinapasuka, watu wanalala nje, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama. Barabara ya Sake ilijaa mpaka haina nafasi ya kuweka mguu: magari, tshukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zenye magodoro, watu wanavuta mbuzi kwa kamba. Mama yangu mzazi alikataa katakata kumwacha kuku wake aliyekuwa analalia. Akambeba na kikapu chake, mayai chini, kitenge juu, mwendo wote ule kwa miguu. Tukamwambia mama, hayo mayai yameshapoa. Akajibu, mliopoa ni nyinyi.

Sake tulilala kwenye darasa la shule, familia chungu nzima, mvua, watoto wanaharisha. Kuku akawekwa kwenye kona chini ya ubao, akaendelea na kazi yake. Siku 21 za mayai zikatimia tukiwa humohumo.

Asubuhi moja mtu akasikia sauti ndani ya yai. Ganda bado zima, na ndani kunalia! Darasa likanyamaza. Kulikuwa na baba mmoja mkubwa wa mwili, nyumba yake ilikuwa upande wa Buhene na lava ilipita juu yake. Tangu tufike hatukuwahi kusikia sauti yake. Akaja akachuchumaa. Kifaranga kilitoboa katundu kadogo, halafu kikaacha. Saa zinapita, hakuna kitu. Watu wakaanza: kimekufa hicho, tukisaidie, mwingine keshashika wembe. Mama akawazuia. Kinapumzika, akasema, bado kinamalizia kuvuta kiini tumboni, ukikifungua sasa kitatoka damu. Basi yule baba akageuka mlinzi wa yai. Mtoto akisogea anafukuzwa, mtu mzima akisogea anakaziwa macho. Watu wakaanza kuwekeana dau la mandazi, kitatoka saa ngapi, cha kwanza kitakuwa cheusi au cheupe.

Kilitoka jua likiwa kali, kimelowa, sura mbaya kweli, kikalala kifudifudi. Kilipokauka kila mtu akadai ameshinda dau. Na bahati nzuri kifaranga kikishavuta kile kiini kinaweza kukaa siku nzima na zaidi bila kula, maana hata sisi wenyewe hatukuwa na chenga za kukipa. Yule baba alianza kuzungumza siku ile. Hakusema mambo makubwa, alikuwa anabishania mandazi yake.

Papa_Masisi, 22:18

Nimewasoma wote. Mimi sikubaliani sana, msinichukie.

Nilikuwa na ng'ombe, si wengi, lakini walitosha mtu kuniita papa. Walikwenda wote. Tukakaa Kanyaruchinya kwenye hema mpaka kambi zilipovunjwa Februari 2025. Nikarudi kijijini nikakuta nyumba haina mlango wala bati. Jirani mmoja mwenye huruma akanipa ng'ombe wake nimchungie, mwenye ndama jike wa juzi tu, akikua tutajua tunagawanaje. Kila anayepita anasema, papa, angalau umepata faraja. Faraja gani? Nilipokuwa sina kitu nilikuwa nalala. Sasa mbwa akibweka niko nje. Pikipiki ikipita usiku niko nje. Ndama mwenyewe hana habari, anaruka huku na huku mkia juu, mama yake anamlamba, na mimi nimesimama gizani na fimbo kuzuia watu wenye bunduki.

Nyie wa mjini mbuzi wawili ni mapenzi. Kwetu ng'ombe ni mahari ya kijana, ni karo, ni mahali pangu pa kukaa wazee wakikutana. Kichanga kikizaliwa nahesabu tu kitu kingine cha kuchukuliwa.

Mama_Ndosho, 22:41

Papa, pole sana, na nakuheshimu. Sikusema hofu inaondoka. Na mimi sasa nalala sikio moja liko nje. Ila hofu ya kwanza ilikuwa haina la kufanya, nilikuwa nalala chali natazama bati. Hii ya sasa ina kazi. Nikisikia kishindo natoka, nahesabu wakubwa wawili, wadogo wawili, nafunga, narudi. Kuogopa kitu ambacho unaweza kwenda kukihesabu, mimi naona kwangu ni nafuu.

Papa_Masisi, 22:50

Hapo umesema. Lakini bado silali.

Mama_Kadutu (Bukavu), 22:58

Mama Ndosho, aksanti kwa hii uzi. Miye niko Bukavu, Kadutu, nyumba yetu iko pa mulima, pa kufunga mbuzi hapana. Miye niko na dende. Kwa benye habajue: ni cobaye, kale kanyama kadogo, hakana mukia, kakisikia unakata majani kanalia wii wii mpaka nyumba yote inaamuka.

Batoto ba dende habazaliwe bipofu. Manyoya iko, macho imefunguka, meno iko. Haipite muda banakimbia nyuma ya mama yabo, na kesho yake banaonja majani. Mimba yake ni karibu siku 68, anazaa babili, batatu, mara ine. Mutu mukubwa unaweza kukaa pale unacheka peke yako.

Mu Februari 2025 mambo ilipofika huku, batu baliiba byote: magunia ya unga, mbuzi, hata milango. Dende zangu zilikuwa chini ya kitanda, nani angewaza kuangalia pale? Usiku ule masasi inalia, tumelala sakafuni bote, miye na batoto, na jike mumoja akazaa palepale, pembeni ya kichwa yangu. Nikawasha simu kidogo chini ya kitenge. Kila moja akitoka, mama yake anamulamba, anamusukuma kando, anangoja mwenzake. Batoto bangu balikuwa banalia, banaacha, banahesabu. Moja. Mbili. Mutoto wa mwisho akasema, mama, huyu wa tatu iko na sura ya papa pasta. Tukacheka, pale chini, na tulikuwa tunaogopa vilevile.

Papa Masisi, miye nakuelewa. Ngombe inaonekana mbali. Njo maana nabaki na dende.

Mwanafunzi_Himbi (Goma), 23:10

Kuna maelezo ya kisayansi hapa. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliandika kwamba binadamu huvutwa na umbo la kichanga: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji la uso lililotokeza, macho makubwa, mashavu, mwendo usio imara. Tukiona alama hizo, hata kwa mnyama, hamu ya kulea inaamka. Kwa hiyo mama, si udhaifu wako, ni maumbile.

Motari_Birere, 23:13

Huyo Lorenz aliwahi kuona sungura wa siku moja? Mimi nimeona kwa shemeji, hana nywele, hana macho, nilidhani mtu kamwaga vidole kwenye sanduku.

Dada_Mifugo, 23:30

Motari umenifanya nicheke peke yangu 😂 Sungura huzaliwa hivyo, baada ya mimba ya siku 31 hivi, uchi na kipofu, macho hufunguka karibu siku ya kumi. Mama yao hung'oa manyoya yake mwenyewe kuwafunika, halafu huenda zake. Ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu. Watu wanadhani amewatupa, wanaanza kuwashikashika, na hapo ndipo wanapowaharibia. Vitumbo vikiwa vimejaa, mwacheni mama na mambo yake.

Nimefanya kazi ya mifugo Masisi na Rutshuru kabla hatujahamia mjini, kwa hiyo mwenye swali aulize.

Mama_Ndosho, Jumatatu 06:12

Dada Mifugo asante Mungu umetokea. Mapacha wangu: wa kwanza dume, ananyonya vizuri. Wa pili jike, mdogo, mama yake anamnusa nyuma halafu anampiga kichwa. Usiku ule wa kuzaliwa nilikamua nikampa kwa kijiko. Leo bado anafukuzwa. Nifanye nini?

Dada_Mifugo, 06:35

Ulipokamua usiku uleule ulimwokoa, maana maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, ndiyo kinga yake yote. Mbuzi hazaliwi na kinga kutoka tumboni. Tumbo lake linaweza kuipokea ile kinga saa chache za mwanzo tu, na siku ikishapita mlango umefungwa.

Sasa ingiza kidole mdomoni mwake. Pakiwa pa moto, sawa. Pakiwa pa baridi usimpe maziwa kwanza, tumbo lililopoa halisagi kitu. Chukua chupa ya maji ya moto, izungushie kitenge, mlaze nayo mpaka mdomo upate joto, ndipo anyonye.

Kwa mama yake: mbuzi humtambua mtoto kwa harufu ya chini ya mkia. Kamua maziwa yake mwenyewe kidogo, umpake mtoto mgongoni na mkiani. Halafu mbane mama kwenye kona, mume wako amshike pembe, wewe umwelekeze mdogo kwenye chuchu. Mara nne au tano kwa siku, usichoke. Wengi hukubali baada ya siku chache. Asipokubali, ni biberoni, chupa ya kunyonyeshea.

Kitovu kipake iodini. Na nyie mnaozalisha kwa mikono mitupu, tafadhali. Kondo la nyuma na majimaji yake yana magonjwa, bruselosi ni mojawapo, inakupa homa isiyokwisha na maumivu ya viungo. Vaa hata mfuko wa plastiki mkononi, nawa kwa sabuni, mama mjamzito akae mbali kabisa. Maziwa yachemshwe.

Na hili ni la Goma yetu, wenzetu wa mbali wanaweza kuliruka. Mlioko Himbi, Lac Vert, Bulengo na njia yote ya kwenda Sake: mazuku. Ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mashimo na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukilala. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mbuzi mchanga aliyelala chini akafa bila kulia. Nimeitwa mara nyingi kwa watu wanaosema wamerogwa. Zizi la watoto liwe mahali palipoinuka, chini uweke mbao, si kwenye shimo la lava eti kwa sababu linakinga upepo.

Lushois_Katuba (Lubumbashi), 07:20

Huku kwetu vita hakuna, lakini kila mtu na yake. Baada ya matanga ya baba nilirudi nyumbani nikawa siwezi kukaa na watu. Nilikuwa nimeshalipia vifaranga vya broila kabla hajafa, wakaniletea. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, na umeme wetu mnaujua. Ikabidi nilale nao, mbabula, jiko la makaa, kwenye mlango, naongeza makala usiku kucha. Wakijikusanya kwenye moto, wana baridi. Wakikimbilia ukutani, umezidisha. Wakitawanyika wanapiga kelele ndogondogo za kawaida, unaweza kufumba macho. Watu walikuja kunipa pole wakanikuta nanuka kuku. Ndiyo matanga yangu ya pili yale.

Dada_Mifugo, 07:26

Pole kwa baba. Mbabula pawe na hewa inayopita juu, kaka, makala kwenye chumba kilichofungwa yanaua vifaranga na mwenye vifaranga.

Keshero_Viazi (Goma), 12:44

Nimekuwa nasoma tu, sasa niandike. Mwanangu ana miaka saba. Siku zile za Januari bomu lilianguka avenyu ya pili kutoka kwetu. Tokea hapo akawa hali mezani, anakula akiwa chini ya meza. Tulimbembeleza, tukamkemea, tukamwombea.

Dada yangu wa Kibumba akatuletea mwanakondoo aliyefiwa na mama. Biberoni kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na mimi nauza viazi soko la Kituku, natoka alfajiri. Nikampa kijana kazi. Nikamfundisha: maziwa unayapima kwa ndani ya mkono, yasichome yasiwe baridi. Mwanakondoo asimame mwenyewe, usimlaze chali kama mtoto wa mtu, maziwa yataingia kwenye mapafu. Biberoni ishuke kwa mwinuko, kichwa kisirudi nyuma sana. Akinyonya atachezesha mkia, mkia ukisimama mwangalie, pengine amekwama au ameshiba. Aliyakariri yote kuliko alivyowahi kukariri somo la shule. Anaamka mwenyewe usiku, ananiamsha na mimi nimwashie mbabula.

Wageni wakija wanasema amepona. Hajapona. Mlango ukigongwa kwa nguvu bado anakimbilia chini ya meza. Ila sasa anakimbia na mwanakondoo mikononi, na kule chini nasikia anamwambia: tulia, ni mlango tu.

Yaya_Katindo, 12:51

Mama wee. Umeniliza kwenye basi.

Papa_Masisi, 13:30

Huyo kijana mpe salamu zangu. Mwambie mwanakondoo akianza kuota meno ya nyuma na kutafuna majani sawasawa, apunguze maziwa polepole, asikate siku moja. Wataharisha wote wawili, mmoja kwa tumbo, mwingine kwa machozi.

Keshero_Viazi, 13:34

Aksanti papa. Nitamsomea jioni.

Motari_Birere, 15:10

Sawa, nimeguswa, msinione sina moyo. Lakini kuna swali ambalo nyote mnalikwepa. Mnawapenda, mnawalaza na chupa ya maji ya moto, halafu? Mbuzi dume wa Mama Ndosho ataishia wapi? Kwenye sherehe ya harusi, na sisi tutakuwepo tunapiga foleni na sahani.

Mama_Ndosho, 16:02

Hakuna anayekwepa, kijana. Dume atauzwa, na ataliwa, na franga zake zitalipa muhula wa binti yangu mkubwa. Nalijua hilo toka usiku alipotoka pua mbele. Usiku ule hakuwa nyama wala karo, alikuwa mtu wa kukaushwa masikio kabla baridi ya Nyiragongo haijamkuta. Ukiyachanganya yote mawili kichwani kwa wakati mmoja hutafanya hata moja vizuri.

Jike nambakiza. Na mjue, leo mchana mama yake amemnusa mgongo uliopakwa maziwa, akasita, akamwacha anyonye. Mume wangu alikuwa bado ameshika pembe, hakuamini, akakaa ameshika hivyohivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Yule aliyesema watu watanicheka! Sasa ndiye anayeuliza tumpe jina gani.

Dada_Mifugo, 16:08

Vizuri sana. Endelea kumshika siku mbili tatu zaidi, hasa usiku, asije akabadilisha mawazo.

Motari_Birere, 18:25

Mama Kadutu uko hapa? Nataka dende. Jike wawili na dume mmoja. Si kwa faraja, mnisikie vizuri, ni kwa biashara.

Mama_Kadutu, 18:40

Biashara, ndiyo, tumesikia 😂 Niko na majike mbili za kuanzia, na dume wa mama mwingine, hapana kaka yabo. Usianze na ndugu. Unawaweka wapi?

Motari_Birere, 18:43

Chumbani kwangu. Chini ya kitanda, kama zako.

Dada_Mifugo, 18:50

Majani mabichi kila siku, motari, usiwalishe makapi matupu. Dende ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, akikosa majani mabichi anavimba viungo na fizi zinatoka damu. Majani ya kando ya barabara ya lami yaache, yana mafuta ya magari. Na jike akikaribia kuzaa, dume mwondoe, la sivyo akishazaa tu anampa mimba nyingine siku hiyohiyo.

Motari_Birere, 18:54

Siku hiyohiyo?! Mama Kadutu, natumaje franga? M-Pesa? Na watapanda boti peke yao?

Mama_Kadutu, 19:03

M-Pesa, iko sawa. Nitamupa mutu wa boti ya mchana, ile ya usiku iko na baridi mingi ku maji. Umwambie abaweke mbali na moteri, ile kelele inabaua na hofu. Majani ya njia nitatia. Lakini utafute katoni na ukuje nayo bandarini, ngumu, benye matundu. Ya kwangu bamekwisha kula yote.